Vijinzi Vinavyolelewa na Maua Yaozayo

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu mpaka Unguja na kushuka hadi Ngazija, ua limepewa heshima ambayo vitu vingi vyenye thamani kubwa zaidi havijapata kupewa: huchumwa jioni lingali limefumba, hutungwa pamoja na rehani, mkadi na kilua, hupachikwa kifuani au katika nywele za bibi arusi, na washairi wa kila zama wamelifanya kuwa mithali ya kila kilicho kizuri. Lakini heshima hiyo ina muhula mfupi. Kikuba kilichokuwa fahari ya usiku, asubuhi hukutwa kimesinyaa na kugeuka rangi, na kabla ya jua kupanda kimekwisha kufagiliwa pamoja na taka nyingine mpaka uani. Na tangu hapo hapana mshairi anayeuliza habari zake. Wanaouliza ni maulamaa wa elimu ya wadudu, watu wasioona haya kuchutama chini ya mti na kufunua petali zilizooza, na majibu waliyoyapata katika nchi za joto, tangu visiwa vya Pasifiki mpaka misitu ya Afrika Magharibi, yanastahili kusimuliwa kwa watu wote. Ua lililoanguka, wanatuambia, aghalabu ni nyumba ya malezi, na walelewa wake ni wa ukoo wa wale vijinzi tunaowafukuza kila siku jikoni.

Yafaa kwanza tuwatenge wasio wetu. Msomaji asikiapo nzi wa matunda huenda akamkumbuka yule adui wa wakulima wa maembe, ambaye hulitoboa tunda lingali mtini na kulijaza funza, akamtia hasara mwenye shamba na muuzaji wa ng'ambo kwa pamoja. Huyo ni wa ukoo mwingine, na leo hatuna shughuli naye. Wetu ni wadogo zaidi. Wengi wao hawazidi milimita mbili au tatu, rangi yao ni ya mchanga au kahawia, macho yao aghalabu ni mekundu, nao ndio wale wanaozuka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, au kuelea ndani ya gilasi ya maji ya matunda iliyosahauliwa mezani. Ukoo wao huitwa Drosofilidi, na mashuhuri kuliko wote katika ukoo huo, Drosophila melanogaster, asili yake ni bara letu hili la Afrika, ingawa umashuhuri wake ulipatikana New York, ambako Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia alimwona mwaka 1910 dume mmoja mwenye macho meupe miongoni mwa wenzake wenye macho mekundu, akaanza kwa dume huyo safari ya kuzichungua siri za urithi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Umashuhuri huo wa nzi mmoja umewapa watu dhana isiyo kamili juu ya jamaa zake. Aina zilizokwisha kutambuliwa katika ukoo huu zinapita 4,000, na wengi katika hao hawana haja na matunda hata kidogo. Wako wazaao katika uyoga, wako wazaao katika utomvu unaovuja kwenye majeraha ya miti, wako wazaao katika mashina ya mipungate yaliyooza jangwani. Na katika visiwa vya Karibi wamepatikana waliochagua makao ya ajabu kupita yote, maana mabuu yao hukua juu ya mwili wa kaa wa nchi kavu, karibu na kinywa na mashavu yake, naye kaa akiendelea na safari zake kana kwamba hakubeba kizazi cha mtu. Mbele ya hayo, nzi azaaye katika ua ataonekana kuwa na busara.

Lakini anakula nini humo? Ua bichi lina mbochi, ambayo ni sukari iliyoyeyuka katika maji, na lina chavua, ambayo ni chakula chenye nguvu nyingi. Kila nyuki, kila mbawakawa na kila nzi aliyeingia humo kutafuta riziki ameacha nyuma yake, kwa miguu yake na kinywa chake, vijimbegu vya hamira visivyoonekana kwa jicho. Maadamu ua lingali hai vijimbegu hivyo huwa na nafasi ndogo. Lakini mara linapoanza kusinyaa, ngozi ya petali hupasuka, utomvu wake huvuja, na hamira huzaana kwa kasi kubwa. Mgema wa minazi hahitaji kuelezwa jambo hili, kwani anajua kwamba tembo tamu aliloliteremsha alfajiri, likiachwa mpaka jioni, limekwisha kuwa kali bila ya mtu yeyote kulitia kitu. Katika ua linalooza hutokea jambo lile lile, ila kwa kipimo cha tone moja. Na harufu yake, mchanganyiko wa ulevi na siki, ndiyo inayomwita nzi jike kutoka mbali. Yeye hutaga, mayai huanguliwa, na mabuu huanza kumeza rojo lile ambalo ndani yake hamira ndiyo lishe yenyewe na petali ni sahani tu. Kisha nzi wakubwa wanaporuka kwenda kutafuta ua jingine, huichukua hamira hiyo miguuni na tumboni, wakaipandikiza huko waendako. Kwa hiyo nzi ni mlaji wa hamira na papo hapo ni mkulima wake. Na wachunguzi wa Hawaii walipoyapekua maua ya mitambaa iliyo jamaa ya kiazi kitamu, walipata humo aina za hamira ambazo hazikuwa zimepata kuandikwa katika kitabu chochote.

Sasa tufike kwenye shida kubwa ya maisha haya, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoyafanya yawe na maana ya kuchunguzwa. Embe lililoanguka hudumu siku nyingi kabla ya kukauka. Gogo la mti lililooza hudumu miezi. Ua la mtambaa niliousema hufunguka alfajiri, adhuhuri limeanza kulegea, na jioni limejikunja na kuwa uzi wenye majimaji unaoning'inia au ulioanguka chini. Chakula kilichomo ni kidogo na muda wake ni mfupi. Jike atakayetaga mayai mia katika embe hana la kuogopa, kwa kuwa mna nafasi ya kutosha wote. Lakini atakayetaga mayai mia katika ua moja la namna hiyo amewahukumu watoto wake wote kufa kwa njaa. Afanye nini basi?

Jibu lilipatikana katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, nchi ambayo kwa ukoo huu wa nzi ni kama makao makuu ya ufalme. Yakadiriwa kwamba visiwa hivyo vidogo vina aina zipatazo 1,000 za Drosofilidi, na takriban zote hazipatikani penginepo duniani. Wazee wao walifika huko mamilioni ya miaka iliyopita, walipuliziwa na pepo au walichukuliwa na sababu nyingine, wakakuta nchi yenye misitu mingi na washindani wachache, wakagawana kila kinachooza: huyu gome, huyu jani, huyu uyoga, huyu ua. Mwaka 1971 wataalamu wawili, Michael Kambysellis na William Heed, walitangaza matokeo ya kazi ambayo mtu asiye na subira hawezi kuifanya. Walipasua majike wa aina nyingi chini ya hadubini, wakahesabu mirija inayotengeneza mayai katika matumbo yao, kisha wakalinganisha hesabu hiyo na mahali ambapo kila aina huzaa. Wale wazaao katika magome na mashina yaliyooza walikuwa na mirija mingi, wakipevusha mayai kwa makumi na zaidi kwa mara moja. Wale wazaao katika majani walikuwa na michache. Na wale wa maua walikuwa wa chini kabisa, mirija yao ikihesabika kwa vidole, na baadhi yao wakipevusha yai moja moja tu.

Na tofauti haikuishia katika idadi. Yai la nzi hawa huwa refu kidogo, jeupe, na kwa mbele hutokwa na nyuzi nyembamba zilizo njia zake za kuvutia hewa. Jike wa gome hulisukuma yai ndani sana, mahali penye majimaji mazito, na kwa hiyo nyuzi za yai lake huwa ndefu, wakati mwingine ndefu kuliko yai lenyewe, zikitokeza juu kutafuta hewa ilhali mwili umezama. Jike wa ua hana haja hiyo. Yai lake hukaa juu juu kwenye petali nyororo, hewa imelizunguka pande zote, na nyuzi zake zimefupika sana au hazipo kabisa. Mtu aliyezoea anaweza kuliangalia yai moja katika hadubini, pasipo kumwona mama yake wala mti wake, akabashiri kama lilikusudiwa gome au ua. Ndipo ninaposema kwamba muhula wa ua, ule mfupi tunaousikitikia, umeingia ndani ya tumbo la mdudu na kumpangia uzazi wake: watoto wangapi, kwa wakati gani, na kila mmoja apewe vazi gani la kuzaliwa nalo.

Katika Chile lipo jambo linalofanana na hilo. Kuna mti mdogo wa jamii ya Cestrum, ndugu wa ule unaopandwa katika bustani zetu kwa ajili ya harufu yake ya usiku, na katika maua yake membamba huishi Drosophila flavopilosa, ambaye Danko Brncic, mtaalamu wa urithi wa nchi hiyo, alimchunguza kwa miaka mingi. Huyu hangoji ua life. Buu lake huanza kula sehemu za ndani ya ua lingali mtini, na kwa kuwa ua moja halitoshi ila mlaji mmoja, aghalabu hukutwa mkazi mmoja katika kila ua. Tena mti wenyewe una sumu. Ng'ombe wanaoula hufa. Lakini kijinzi hiki kimeufanya kuwa ndio mkate wake na hakitafuti mwingine. Katika Panama, Sarah Pipkin na wenzake walionyesha mwaka 1966 jinsi nzi wengi wa maua walivyo wateuzi wa miti yao, na misitu ya huko imejaa maua makubwa ya jamaa za mgomba ambayo vikombe vyake hushika maji na kuozea humo humo. Katika mashariki ya Australia yuko Drosophila hibisci, ambaye hufanya uchumba, hupandana na hutaga ndani ya ua la haibiskasi la siku moja, na ua linapoanguka huanguka na mabuu yake. Hawa nawapita upesi, kwa kuwa kisa chao ni kile kile kwa majina mengine.

Pengine msomaji atauliza mambo haya hujulikanaje, maana nzi kuonekana ametua juu ya ua si ushahidi wa kuwa amezaa humo, kama vile mtu kuonekana sokoni hakuthibitishi kwamba ni mkazi wa mji. Njia ni moja, na haina gharama. Mchunguzi huokota maua yaliyoanguka, ya mti mmoja peke yake, akayatia katika chupa yenye mchanga wenye unyevu kidogo, akaifunika kwa kitambaa chembamba na kuiweka kivulini, kisha hungoja. Mabuu yakishashiba huacha ua, huingia mchangani, hujifunga katika ganda la rangi ya hudhurungi, na baada ya siku kadhaa nzi kamili hutoka humo akiwa mweupe-mweupe, mbawa zimekunjamana, akasimama ukutani mwa chupa mpaka rangi imkolee. Katika joto la nyuzi 25 za sentigredi, Drosophila melanogaster huitimiza safari yote hiyo, tangu yai mpaka mbawa, kwa siku zipatazo kumi. Kila mzaliwa huandikwa, na jina la ua lake huandikwa karibu naye. Na kwa orodha za namna hiyo, chupa baada ya chupa, ndipo ilipojulikana nani mkazi na nani mpita njia.

Mpaka hapa nzi ameonekana kuwa mfaidi wa kitu kilichokwisha kutupwa. Lakini iko mimea iliyoingia naye katika mapatano, na mapatano hayo hayaonekani vizuri popote kama katika jamaa za magimbi. Gimbi sisi twalijua kwa kiazi chake, kilichovuka Bahari ya Hindi zamani sana kutoka Asia kikawa chakula cha asubuhi katika nyumba nyingi za pwani na bara. Ua lake wachache wamepata kuliona, kwa sababu mmea huu hupandwa kwa vipandikizi na hautoi maua mara kwa mara. Huko Asia ya kusini-mashariki na katika visiwa vya Pasifiki ya magharibi, magimbi na ndugu zao wa mwituni huchanua, na katika maua yao huishi kabila zima la vijinzi liitwalo Colocasiomyia, ambalo mwanachuoni wa Kiholanzi de Meijere alilipa jina mwaka 1914 kwa nzi waliotoka Java. Kabila hili halijui kuzaa penginepo ila katika maua.

Chukua mfano wa Alocasia odora, gimbi la mwituni katika kisiwa cha Okinawa, ambalo jani lake moja latosha kumkinga mtu na mvua. Ua lake si ua moja. Ni kigunzi kilichosimama, kimebanwa na maua madogo madogo mamia, nacho kimevikwa ala ya kijani iliyobanwa kiunoni. Chini ya kiuno hicho kuna chumba, na humo ndimo yalimo maua ya kike. Juu ya kiuno yako ya kiume, na juu zaidi ni ncha tupu isiyo na maua, ambayo kazi yake ni kutoa harufu. Siku ya kwanza, mapema asubuhi, kigunzi hupata hari yake chenyewe, hata kikazidi joto la hewa iliyokizunguka, na hari hiyo huisambaza harufu. Vijinzi huja, vimebeba chavua vilikotoka, vikapenya kiunoni na kuingia katika chumba cha chini, ambako maua ya kike yako tayari kuipokea. Humo hukaa, humo hukutana madume na majike. Siku ya pili hari hurejea, lakini mambo yamegeuka: njia ya chumba cha chini hujifunga, wageni husogea juu, na huko ndiko maua ya kiume yanakomwaga chavua kwa wingi. Hujipaka mwili mzima, kisha huondoka kuitafuta harufu nyingine, nayo ni ya ua lililo katika siku yake ya kwanza. Kwa taratibu hiyo ua haliwezi kujichavusha lenyewe, na Yafuso, mtaalamu wa Kijapani aliyelichunguza jambo hili na kulitangaza mwaka 1993, alionyesha kwamba vijinzi hivi ndivyo vinavyobeba mzigo wa kazi hiyo.

Je, ujira ni nini? Ujira ni sehemu inayooza. Ua la kiume likisha kumwaga chavua halina faida tena kwa mmea. Lazima linyauke, na mmea haupungukiwi na chochote ukimwachia mtu mwingine. Hapo ndipo mayai yaliyotagwa huanguliwa, na mabuu hula yale mabaki yaliyolowa mpaka yakakua. Mimi sioni biashara nyingine katika maumbile iliyo na uangalifu kama huu, ambamo mlipaji hulipa kwa kitu ambacho alikuwa akitupe, na mlipwaji hukipokea kama urithi wa ufalme. Na ajabu haijaisha, kwani katika ua lile lile moja la Okinawa mna aina mbili za Colocasiomyia zinazoishi pamoja pasipo kunyang'anyana: moja mabuu yake hulelewa katika sehemu ya juu, penye maua ya kiume, na ya pili hulelewa chini, penye maua ya kike. Hampton Carson wa Hawaii na Toyohi Okada wa Japani, waliokwenda kuyachungua maua ya magimbi huko Papua New Guinea, waliukuta mgawanyo wa namna hiyo hiyo, orofa ya juu na orofa ya chini, ukoo mmoja umegawana nyumba kwa amani ambayo baadhi ya ndugu wa kibinadamu wameishindwa.

Juu ya hiyo hari ya maua yafaa niseme maneno machache, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kujipasha moto ni kazi ya wanyama. Mfaransa Lamarck aliiandika habari hiyo mwaka 1778 kwa ua la Ulaya lililo jamaa na hawa. Na mwanzoni mwa karne ya 19, Bory de Saint-Vincent alisimulia kwamba katika kisiwa cha Réunion, jirani wa Komoro na Bukini, kigunzi cha gimbi la bustanini kilipimwa kikakutwa na hari kubwa. Sababu yake ni kwamba kigunzi huchoma akiba yake ya wanga kwa haraka kubwa kuliko inavyohitajika kwa uhai wake tu. Mwaka 1987 ilithibitishwa Marekani kwamba katika mmoja wa mimea hii amri ya kuwasha moto hutolewa na asidi ya salisili, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile dawa ya aspirini tunayoimeza ili kuishusha homa.

Palipo na mapatano hapakosi mlaghai. Katika nchi za Sham hustawi ua jeusi-jeusi la jamii iyo hiyo, Arum palaestinum, linalonuka kama tunda lililochacha au divai. Wachunguzi wa Taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani, walionyesha mwaka 2010 kwamba harufu hiyo imetengenezwa kwa vitu vichache vilivyo sawasawa na vile vinavyotoka kwa hamira, na kwamba vitu hivyo hugusa milango ya kunusia ya Drosofila wa aina nyingi kwa pamoja. Vijinzi huingia kwa mamia vikitumai kukuta karamu na mahali pa kutagia. Havikuti hamira, wala mbochi, wala chochote. Hufungiwa humo usiku kucha, hunyunyiziwa chavua, kisha hufunguliwa vikaenda zao na njaa yao, na siku ya pili hudanganywa tena na ua jingine. Gimbi la Okinawa hulipa. Ndugu yake wa Sham hukopa asilipe, na wote wawili wanapata mbegu.

Afrika nayo ina sehemu yake katika habari hizi, tena ipo juu ya miti ambayo wazee wetu wameizoea mno, baadhi yao wakiihofia kuwa ni maskani ya mashetani. Kuyu na tini, kwa elimu ya mimea, ni shada la maua lililogeuzwa ndani nje: maua yake yote yako ndani, yameelekeana gizani, na kuna kijilango kimoja tu, kimezibwa kwa magamba, ambacho nyigu wadogo sana hujisukuma kukipenya, aghalabu wakipoteza mbawa zao mlangoni, ili kwenda kuyachavusha na kutaga. Daniel Lachaise, Mfaransa aliyeutumia umri wake kuwachungua Drosofilidi wa Afrika, pamoja na wenzake Tsacas na Couturier, walieleza mwaka 1982 yale waliyoyaona katika mitini ya Afrika Magharibi. Wako vijinzi wa jamii ya Lissocephala ambao wameifungamanisha riziki yao na mlango huo. Jike hana nguvu ya kuingia. Lakini hutaga mayai nje, pale pale kwenye magamba ya mlango, na mabuu yakianguliwa hujipenyeza ndani kwa njia ambayo nyigu wameifungua, yakakuta hamira na viumbe vingine vidogo vilivyoingia pamoja na nyigu hao. Hao ndio wapangaji wa kwanza. Kuyu likisha kuiva mtini huja wengine, na likisha kuanguka huja wengine tena, kila kundi na zamu yake, hata shada moja la maua likawa limelisha kaumu kadhaa kabla halijawa udongo.

Na haifai mtu adhani kwamba kila kijinzi cha maua ni mshirika mwema au walau asiye na madhara. Mikaratusi ilipopandwa kwa wingi Afrika Kusini, ikiwa imetoka Australia, wafuga nyuki waliishangilia, kwa kuwa maua yake yana mbochi nyingi na asali yake ni nzuri. Baadaye nzi wa Australia aitwaye Drosophila flavohirta naye aliingia nchini, akawakuta jamaa zake wa zamani wamesimama safu kwa safu. Huyu hutaga katika kikombe cha ua lililo hai, na mabuu yake huogelea ndani ya mbochi yenyewe, yakiinywa tangu ua linapofunguka; naye ametajwa pia katika kisiwa cha Bukini. Mfuga nyuki huhamisha mizinga yake kwa gari usiku, akaipanga chini ya mikaratusi iliyochanua kila tawi, na asubuhi nyuki wake hutoka, hutua, huingiza ndimi zao, kisha huliacha ua moja baada ya jingine, kwa maana kilichokuwa humo kimekwisha kunywewa.